Kuanza na Kudumu: Makosa ya Waanzilishi wa Majarida na Blogu za Kiswahili nchini Tanzania, 1888–2018, kwa Mtazamo wa Msomaji wa Ngerengere

Ikisiri

Insha hii inachunguza makosa yaliyojirudia katika kuanzisha na kukuza machapisho ya Kiswahili nchini Tanzania, tangu kuanza kwa Msimulizi mwaka 1888 hadi mwaka 2018, serikali ilipotoa kanuni zilizowataka wenye blogu kusajiliwa na kulipa ada. Ngerengere, mji mdogo wa stesheni mkoani Morogoro, umetumika kama mahali pa kupimia: chapisho linapimwa kwa jinsi lilivyomfikia msomaji aliye nje ya mji mkuu, na kwa nafasi lililompa ya kusema. Hoja kuu ni kwamba kurahisika kwa njia ya kuchapisha hakukuondoa makosa ya msingi. Machapisho yenye taasisi nyuma yake yalidumu, lakini sauti ya mwananchi ilikuwa na mipaka. Machapisho ya mtu mmoja yalikuwa na sauti, lakini yalitegemea afya, fedha na uhuru wa mtu huyo. Blogu zilirithi udhaifu wa aina hii ya pili, zikaongeza mmoja wa kwao: kutohifadhi nakala.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya 2000 Watanzania wengi waliokuwa na uwezo wa kutumia intaneti walianzisha blogu. Baadhi ziliendelea kwa miaka; nyingi zilinyamaza baada ya maandiko machache. Maelezo ya kawaida ni kwamba waanzilishi walikosa bidii au mtaji. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi, kwa kuwa yanaichukua blogu kama jambo lisilo na historia. Mtu mmoja kuanzisha chapisho, kulitafutia wasomaji, kulilipia na kulilinda mbele ya sheria si jambo geni katika Kiswahili. Lilifanyika kwa herufi za risasi na kwa mashine za kurudufu kabla ya kufanyika kwa kompyuta.

Insha hii inayaweka machapisho ya vipindi hivyo pamoja na kuuliza swali moja: ni makosa gani yaliyojirudia, na kwa nini hayakukoma teknolojia ilipobadilika? Neno "kosa" linatumika hapa kwa maana ya uamuzi wa mwanzilishi uliopunguza uwezo wa chapisho kudumu au kumfikia msomaji. Halitumiki kwa mambo aliyotendewa na dola, ingawa mambo hayo yanajadiliwa kwa sababu mwanzilishi alipaswa kuyatarajia.

2.0 Ngerengere: Stesheni na Msomaji

Ngerengere imepata jina lake kutokana na mto unaotoka katika milima ya Uluguru na kuingia mto Ruvu. Eneo hili lilibadilika wakati wa ujenzi wa Reli ya Kati, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Stesheni ilileta mizigo, maofisa, wafanyabiashara na barua. Kandokando ya reli, kati ya Ngerengere na Morogoro, yalifunguliwa mashamba ya mkonge ambayo yaliwavuta vibarua kutoka sehemu nyingi za nchi. Hivyo Waluguru, Wakutu, Wakwere na Wazaramo wakaishi na watu waliotoka mbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, duka na stesheni. Baada ya uhuru, kituo cha jeshi la anga kiliongeza sababu nyingine ya watu wa mikoa mbalimbali kukaa hapo.

Mahali pa namna hii pana umuhimu kwa historia ya machapisho. Msomaji wa Ngerengere hakuwa mbali kiasi cha kusahauliwa kabisa, kwa kuwa treni ilipita. Wala hakuwa karibu kiasi cha kuhesabiwa, kwa kuwa wahariri walikaa Unguja, Tanga au Dar es Salaam. Alisoma habari za mahali pengine mara nyingi kuliko alivyosoma habari za kwao. Mwanzilishi aliyetaka chapisho lake likue ilimlazimu kuamua atamfanya nini msomaji huyu: amuuzie nakala tu, au amfanye pia mleta habari.

3.0 Machapisho ya Taasisi: Msimulizi, Kiongozi na Mambo Leo

Msimulizi lilianza kuchapishwa mwaka 1888 Kiungani, Unguja, katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA), na liliendelea hadi mwaka 1896. Nguvu yake haikuwa katika mhariri mmoja. Walimu waliosomea Kiungani walitawanyika katika vituo vya misheni vya Bonde, Ruvuma na Nyasa, nao wakaandika habari za huko: shule, safari, njaa, vifo na ibada. Msomaji na mwandishi walikuwa watu wa mtandao mmoja. Mpaka wa jarida ulikuwa papo hapo pia. Uluguru lilikuwa eneo la Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao walianzisha misheni ya Morogoro mwaka 1882, na kwa hiyo halikuwa ndani ya mtandao wa Kiungani. Jarida lilikuwa na msomaji linayemjua vizuri, na kwa sababu hiyohiyo lilikuwa na msomaji lisiyemwona.

Kiongozi, lililotolewa katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, lilipanua utaratibu huo. Walimu na makarani waliosoma katika shule za serikali walituma habari kutoka wilaya walizopangiwa. Kiongozi lilikoma mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Tanga. Halikukosa wasomaji wala waandishi; lilikosa dola iliyokuwa ikiligharamia.

Mambo Leo lilianza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilichapishwa kila mwezi, likasambazwa kupitia shule, posta na ofisi za wilaya, na kwa miongo kadhaa likawa chapisho la Kiswahili lililofahamika zaidi nchini. Barua, habari za miji na mashairi ya wasomaji yalichukua nafasi kubwa. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi waliochapisha humo. Kwa karani wa stesheni au mwalimu wa shule ya msingi, kuona jina lake na la mahali pake katika ukurasa lilikuwa jambo la heshima, na heshima hiyo ilimfanya anunue toleo lijalo.

Hata hivyo, ukarimu wa Mambo Leo ulikuwa na ukomo. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru waliupinga mpango wa serikali wa kuwalazimisha kuchimba matuta milimani, na upinzani huo ukazaa ghasia huko Matombo. Jambo hili liligusa ardhi, kazi ya wanawake na wanaume shambani, na mamlaka ya viongozi wa kienyeji. Wakulima wa Uluguru hawakuwa na chapisho lao la kulijadili, wala gazeti la serikali halikuweza kuwa mahali pa kuipinga serikali. Matokeo yake ni kwamba historia ya mgogoro huo inasomwa zaidi katika kumbukumbu za utawala na katika kazi za wataalamu kuliko katika maneno yaliyochapwa na wenyeji wakati ule. Hasara hiyo ndiyo inayolipa swali la insha hii uzito: chapisho la mahali lisipoanzishwa, au likianzishwa na kufa mapema, mahali hapo huingia katika historia kwa maneno ya watu wengine.

4.0 Machapisho ya Mkono Mmoja: Kwetu na Magazeti ya Kudai Uhuru

Mfano wa karibu zaidi na blogu katika kipindi cha ukoloni ni Kwetu. Gazeti hili lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1937 na Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda na mwenye duka, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshiriki kuanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Kwetu linatambuliwa kuwa gazeti la kwanza nchini Tanganyika lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Lilizungumzia mishahara, biashara, elimu na hadhi ya Mwafrika kwa uwazi ambao gazeti la serikali lisingeweza kuwa nao.

Udhaifu wa Kwetu ulitoka mahali palepale nguvu yake ilipotoka. Fiah alikuwa mmiliki, mhariri na msemaji kwa wakati mmoja. Alipotofautiana na viongozi wengine wa Kiafrika, gazeti nalo lilitofautiana nao, na likapoteza sehemu ya wasomaji ambao lingewategemea. Fedha zilikuwa tatizo la kudumu. Wasomaji waliolengwa walikuwa wenye kipato kidogo, matangazo yalikuwa haba, na gharama za uchapaji hazikusubiri. Gazeti liliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, muda mrefu kwa chapisho la hali hiyo, lakini halikuacha taasisi ya kuliendeleza. Mwenyewe alipopungua nguvu, nalo lilipungua.

Mwaka 1957 yalizuka machapisho mengine yaliyobeba madai ya uhuru. Mwafrika lilikuwa gazeti. Sauti ya TANU lilikuwa jarida dogo la chama, na Julius Nyerere alikuwa mhariri wake. Mwaka 1958 yote mawili yalifikishwa mahakamani. Wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Nyerere alishtakiwa kwa makala iliyowatuhumu maofisa wawili wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Sheria zilizotumika zilikuwa za kikoloni, na kuzikiuka kulikuwa sehemu ya mapambano. Funzo kwa mwanzilishi wa chapisho linabaki palepale: Sauti ya TANU liliweza kuivuka kesi hiyo kwa sababu nyuma yake kulikuwa na chama chenye wanachama waliokuwa tayari kuchanga. Mhariri aliye peke yake, akiwa na maneno yaleyale na faini ileile, angefunga ofisi.

5.0 Blogu za Kiswahili, 2003–2018

Mwandishi wa habari Ndesanjo Macha, akiishi Marekani, anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili. Blogu yake, Jikomboe, ilianza katika miaka ya mwanzo ya 2000. Aliwahimiza waandishi wengine wafungue blogu zao na kuandika kwa lugha yao. Mmoja wao alikuwa mpigapicha za habari Issa Michuzi, ambaye blogu yake ilizaliwa Septemba 2005 mjini Helsinki, Finland, alikokuwa akihudhuria mkutano. Mwaka 2006 wanablogu wa Tanzania walikuwa wengi kiasi cha kuunda jumuiya yao.

Blogu hizi mbili zinaonesha njia mbili tofauti za kukua. Jikomboe ilikuwa mahali pa fikra: siasa, utamaduni, lugha na ukombozi wa akili. Blogu ya Michuzi ilijengwa juu ya picha na habari fupi za kila siku: mikutano, harusi, misiba, michezo, na Watanzania walioko nje. Ya pili ilipata wasomaji wengi zaidi, na sababu yake si vigumu kuiona. Mtu aliyetuma picha ya hafla yake alirudi kuitazama, akawaita na jamaa zake. Huu ni utaratibu uleule wa barua za Mambo Leo, ila sasa ulichukua saa badala ya miezi.

Kwa msomaji wa Ngerengere, hata hivyo, miaka hiyo ya mwanzo ilikuwa ya umbali mpya. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) kufika Dar es Salaam, intaneti nchini ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali. Mtu wa mji mdogo alihitaji kusafiri hadi Morogoro, kulipia dakika katika mgahawa wa intaneti, na kusubiri kurasa zenye picha nzito zifunguke. Wasomaji wengi wa awali walikuwa Dar es Salaam na ughaibuni, na waandishi waliwaandikia hao. Simu za mkononi zilipoanza kuleta intaneti vijijini katika miaka ya 2010, blogu nyingi zilikuwa tayari zimezoea msomaji mwingine. Msomaji mpya wa stesheni alikuta habari za mjini, na akahamia katika mitandao ya kijamii ambako angalau angeweza kusema naye.

Mazingira ya kisheria pia yalibadilika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, nayo ikafanya uchapishaji wa taarifa za uongo mtandaoni kuwa kosa la jinai. Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, ambazo ziliwataka wenye blogu kuomba leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni shilingi 1,000,000, na ya mwaka shilingi 1,000,000. Jumla ya kuanzia ilikuwa shilingi 2,100,000. Adhabu ya kukiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mei 2018 Mahakama Kuu, Mtwara, ilizuia kwa muda utekelezaji wa kanuni hizo. Zuio lilipoondoka, wenye blogu walipewa muda wa mwisho katikati ya Juni. Wengi wasio na kipato kutokana na blogu waliona ni nafuu kuacha.

Kanuni hizo zilionesha kwa ghafla tofauti iliyokuwa imefichika. Blogu zilizokuwa zimekwisha kugeuzwa kuwa ofisi za habari, zenye matangazo na watu kadhaa, ziliweza kulipa. Blogu za mtu mmoja, zikiwemo zile zilizoandika mambo ya wilaya na vijiji, hazikuwa na mahali pa kuegemea.

6.0 Mjadala: Makosa Yaliyojirudia

Kosa la kwanza ni kuanza bila kumtambua msomaji. Msimulizi lilimjua msomaji wake kwa jina. Blogu nyingi zilianza kwa kudhani kwamba aliye na intaneti yeyote ni msomaji. Chapisho linalomlenga kila mtu halimpi mtu yeyote sababu ya kulirudia. Kwa mwanzilishi wa Ngerengere, bei ya mahindi, ratiba ya treni, ardhi iliyo kandokando ya reli na matokeo ya shule za jirani ni mambo ambayo hakuna ofisi ya habari ya Dar es Salaam itakayoyaandika kila wiki. Hapo ndipo penye msomaji wa uhakika, hata akiwa mmoja kwa kila 100 wa blogu ya mjini.

Kosa la pili ni kutegemea mkono mmoja. Kwetu linaonesha kwamba mtu mmoja anaweza kuanza jambo kubwa, na linaonesha pia kwamba hawezi kulirithisha asipoandaa mrithi. Katika blogu kosa hili lilichukua sura ya ukimya: mwandishi akihama, akiugua au akipata kazi nyingine, ukurasa unabaki na tarehe ya zamani. Msomaji anayekuta tarehe hiyo mara tatu harudi mara ya nne.

Kosa la tatu ni kutafuta idadi kabla ya kuaminika. Kunakili habari na picha za wengine bila ruhusa wala kutaja chanzo kulijaza kurasa upesi, lakini kulifanya blogu nyingi zifanane hata msomaji asione tofauti. Tetesi isiyothibitishwa iliongeza wasomaji kwa siku moja, na baada ya 2015 iliweza kumfikisha mwandishi mahakamani. Mwandishi wa stesheni ndogo ana hatari zaidi kuliko mwenzake wa mjini, kwa kuwa anaowaandika ni majirani zake, nao wanamjua.

Kosa la nne ni kuahirisha swali la fedha. Machapisho ya taasisi yalilijibu tangu siku ya kwanza, na bei ya jibu hilo ilikuwa kutii anayelipa. Fiah alitaka uhuru wa kusema, na akailipa gharama yake kila mwezi. Waanzilishi wa blogu walidanganywa na urahisi wa mwanzo: ukurasa ulikuwa bure, kwa hiyo wakadhani chapisho nalo ni bure. Ada za 2018 zilikuwa nzito, na kuzihoji ni halali. Pamoja na hayo, nauli, muda, umeme na vifaa vilikuwa vikilipwa na mtu fulani siku zote, ila hakuna aliyekuwa akiandika hesabu.

Kosa la tano, na zito zaidi kwa mtafiti, ni kutohifadhi nakala. Matoleo ya Msimulizi, Kiongozi, Mambo Leo na Kwetu yanaweza kusomwa leo katika maktaba na nyaraka, ingawa si yote yamekamilika, kwa sababu karatasi ilisambaa katika mikono mingi. Blogu iko mahali pamoja, na mara nyingi mahali hapo ni mali ya kampuni ya nje. GeoCities, huduma iliyobeba kurasa za watu binafsi za mamilioni, ilifungwa mwaka 2009, na kilichookolewa kiliokolewa na watu wa kujitolea. Blogu ya Kiswahili inayoandikwa kutoka wilayani haina mtu wa kujitolea anayeisubiri. Mwandishi asipoweka nakala yake mwenyewe, na nyingine katika maktaba ya mkoa au ya chuo kikuu, anaiacha kazi ya miaka itoweke bila hata moto wala mchwa kuigusa.

7.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonesha kwamba historia ya machapisho ya Kiswahili nchini Tanzania ina mvutano kati ya kudumu na kuwa huru. Misheni na serikali zilitoa uhai mrefu na zikaweka mipaka ya maneno. Watu binafsi walivuka mipaka hiyo na wakakosa uhai mrefu. Blogu ilitarajiwa kuumaliza mvutano huo kwa kuifanya gharama ya kuchapa kuwa ndogo. Kilichopungua kilikuwa gharama moja tu kati ya nyingi.

Kutokana na hayo, mwanzilishi wa leo katika mji kama Ngerengere, ambao tangu Juni 2024 unapitiwa pia na treni ya reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ana mambo manne ya kuyapanga kabla ya andiko la kwanza: msomaji anayemwandikia, mtu wa pili wa kushika kazi, chanzo cha kulipia gharama zikiwemo za kisheria, na mahali pa kuweka nakala. Mengine, kama umbo la ukurasa na wingi wa wasomaji, yanaweza kurekebishwa njiani. Hayo manne yakikosekana mwanzoni, ni vigumu kuyapata baadaye. Wakulima wa Uluguru wa mwaka 1955 hawakuwa na njia ya kuchapa maneno yao. Wajukuu wao wanayo, na hoja ya insha hii ni kwamba njia peke yake haitawahakikishia kuwa mwaka 2055 mtafiti atakuta walichokiandika.